Kikombe cha Rubani

Tangu jeshi ligeuze shamba letu la ngano kuwa uwanja wa ndege za vita, yule fundi wa ndege hanywi kahawa peke yake hapa mkahawani kwangu. Rubani wake, Anselme, akiruka, yeye huagiza vikombe viwili, cha pili akakifunika kwa kisahani, kisha hukaa akifuta kwa tambara mikono iliyokwisha takata. Ngurumo ya ndege ikisikika hutega sikio. Akitabasamu, najua ni Anselme. Naye akiingia tu, hufokewa: "Umechelewa, mjinga wewe! Imepoa!"

Leo jua linazama. Ngurumo ikasikika juu ya mnara wa kanisa.

"Huyo anakuja, fundi!" nikapaza sauti.

Hakuinua kichwa. "Si ndege yangu, mama." Akanisogezea kikombe, kisahani juu yake. "Ipashe moto tena."