Shikamoo ya Bwenini

Jamani, leo nimemwamkia mwanafunzi mwenzangu shikamoo. Naye akaitikia!

Mnajua nilichagua chuo cha bweni, ingawa kwetu Kariakoo ni pale tu, ili nisiwe tena kitinda mimba wa kutumwatumwa na kaka wanne.

Nafika chumbani na sanduku langu la bati, namkuta mtu wa kipara na ndevu anatandika kitanda. Nikajua ndiye mwalimu wa bweni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kitanda chako kile."

Jioni namwona kwenye foleni ya chakula ya mwaka wa kwanza, ameshika sahani. Kumbe ni mwanafunzi, kama mimi!

Sasa kesho nimwamkieje?

Bado nawaza, akaniita: "Mdogo wangu, niletee maji ya kunawa."

Nikaenda kuyaleta.

Hebu niambieni, nimehama nyumbani au sijahama?