Dirisha lililofungwa kwenye chumba cha kupima mapafu

Wengi hudhani mrija mpya wa kupulizia unatosha kuzuia maambukizi. Hautoshi.

Leo mke wangu, mwenye pumu, aliitwa kupima mapafu mara tu mgonjwa mwenzake alipotoka. Dirisha limefungwa. Nikamwomba mpimaji alifungue.

"Baridi hii ya Songea, mzee wangu, nikifungua tutaganda," akanijibu.

Hasira bado ninayo. Kwenye kipimo hiki unavua barakoa na kupuliza kwa nguvu zote. Kama una virusi, vinabaki hewani.

Nikamzuia mke wangu mlangoni. Foleni ikacheka.

"Baba Agnes, unaniaibisha," akanong'ona.

Ndipo yule aliyetoka akasema, "Mama, usiingie. Nina homa tangu jana. Hakuna aliyeniuliza."

Tumerudi nyumbani Ruhuwiko bila kupima.

Una homa au kikohozi leo? Ahirisha kipimo chako.