Guu la Aliyesikia

Kila mdogo wangu anapopita barabarani na mguu wake ule usiokunjika, hakosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wengine husema kwa huruma, wengine kwa utani, naye hucheka nao. Mimi sicheki. Nikiwa barazani kwenye cherehani yangu, nikisikia mtu anaianza methali hiyo, hukanyaga pedali kwa nguvu ili mlio umfunike. Wateja wangu wanasema nina hasira za bure. Si za bure, ila kwa muda mrefu sikuweza kusema ni za nini.

Kwetu ni mlimani, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mashamba yetu yameegemea mlima kiasi kwamba kabichi ikikuponyoka unakwenda kuiomba kwa jirani wa chini. Maji ya kumwagilia tunayakusanya kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku kijito kinalijaza, asubuhi mtu mmoja anazibua tundu la chini, na maji yanashuka kwa mifereji kutoka shamba hadi shamba, kwa zamu. Mtu huyo wa kuzibua alikuwa baba yetu. Tulimwita tate, kama Wasambaa wanavyowaita baba zao. Kazi hiyo haina mshahara, ina heshima. Anayeshika tundu la ndiva ndiye anayeamua ugomvi wa maji, na akishaamua watu wanakwenda nyumbani.

Ndiva hiyo hiyo ilimchukua mdogo wake tate walipokuwa watoto. Mtoto aliteleza ukingoni, akalala chali majini akipigapiga mikono, na tate, ambaye hakujua kuogelea, akabaki juu analia na kuita watu. Watu walipofika walikuwa wamechelewa. Mtu mzima wa kwanza kuingia alikuta maji yale, kwa urefu wa marehemu, yangemfika kifuani tu. "Angesimama," tate alikuwa akituambia. "Angeteremsha miguu tu, akasimama."

Katika msiba ule tate alipata fundisho moja, na fundisho hilo alitulisha pamoja na ugali. Maji yakikuchukua, usihangaike na mikono. Teremsha miguu, tafuta ardhi, simama. Hakuishia kwenye maneno. Alikuwa akiingia ndivani, maji yakimfika kiunoni, anatushika mabega na kutubwaga bila kutuonya, kisha anapiga kelele, "Ardhi! Tafuta ardhi!" Mimi nilikuwa nakunywa maji hadi tumbo linauma. Mdogo wangu alikuwa hodari kutupita sote. Kabla maji hayajamfunika uso, miguu yake ilishafika chini. Tate alimsifu mbele za watu, na tate hakuwa mtu wa kugawa sifa.

Mdogo wangu alipokuwa kijana aliteremka Mombo, akapanda basi la Dar es Salaam, akapata kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Huko akakutana na wageni wanaosimama juu ya ubao na kuteleza nao mbele ya wimbi. Wakamfundisha. Wenzake wa pwani walimcheka wakisema mgoshi na bahari wapi na wapi, maana mgoshi, yaani mwanamume kwa Kisambaa, ndilo jina wanalotutania nalo watu wa chini. Na sisi wa huku juu hatukubaki nyuma. Lushoto yote inateremsha mbao kwenda mjini, tukasema, yeye ameteremka kwenda kupanda ubao. Hakukasirika. Baadaye mgeni mmoja mwenye karakana ya kutengeneza mbao hizo akamchukua kwenda kufanya kazi naye Afrika Kusini, ambako bahari, kwa maelezo yake, haina mzaha.

Akiwa bado mzima alikuja likizo mara moja. Jioni moja baada ya swala ya alasiri tulikaa barazani, akatuonyesha kwenye simu yake picha za mawimbi. Tate alisogeza kiti. Likaja wimbi moja refu kama mnara wa msikiti, na mtu juu yake mdogo kama inzi. Tate akasema, "Hilo ndilo linaloua watu."

"Hapana, tate. Hilo ni kubwa lakini lina huruma," mdogo wangu akamjibu. "Chini yake bahari inapungua kina taratibu, kwa hiyo linaanza kuchoka mapema. Linamwagika kutoka juu kidogo kidogo. Ukianguka linakusukuma, linakuzungusha, halafu linakuachia. Na pembeni kuna njia ya maji yaliyotulia, unatokea hapo." Akafungua picha nyingine, wimbi fupi kuliko lile la kwanza. "Mimi naliogopa hili."

Tate akauliza kwa nini, na mdogo wangu akafikiri namna ya kumwambia mtu ambaye bahari aliiona kwenye kalenda tu.

"Tate, si unaijua Fuso ya kabichi inaposhuka mteremko wa Soni? Dereva akianza breki mapema, mzigo unatulia. Lakini tairi za mbele zikigonga jiwe ghafla, gari linasimama na kabichi zinaruka juu ya kichwa cha gari. Wimbi hili ndivyo lilivyo. Linatoka kwenye kilindi, linakutana na mwamba bila kuonywa. Miguu yake inasimama, kichwa hakina habari, kinaendelea. Linajirusha zima zima na uzito wake wote. Na kabla halijaanguka linayavuta maji ya mbele yake, pale juu ya mwamba panabaki maji ya kiunoni, pengine ya magotini. Halafu halitembei peke yake. Yanakuja kwa makundi, la pili linakukuta hujapata pumzi."

Nilimtazama tate usoni, nikaona anapata nafuu. Sikuelewa kwa nini mpaka aliposema.

"Kumbe hapo chini ni pafupi! Basi mwanangu, wewe cheza hapo kwenye mwamba. Lile la kilindini waachie wenyewe. Hapo ukianguka unasimama tu."

Mdogo wangu alikuwa na la kumjibu, akaliacha. Huwezi kumbishia baba yako habari za maji, hasa baba yule. "Sawa, tate," akasema, na simu akaizima. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Bahari yetu sisi ilikuwa ndiva, na tate aliijua kuliko mtu yeyote.

Ajali ilitokea baada ya hapo, kwenye mwamba wa namna ile ile. Alikaa hospitali huko mbali muda mrefu, akarudi nyumbani na vyuma mguuni na gongo kwapani. Tate alikwenda kumpokea stendi ya Lushoto, nami nikafuatana naye. Nilitaraji machozi. Mdogo wangu akasema, "Shikamoo, tate," tate akaitikia, "Marahaba," kisha akainama kuutazama ule mguu kama anavyotazama mfereji uliobomoka.

"Yalikuwa maji mafupi?"

"Mafupi, tate."

"Yanafika wapi?"

"Kiunoni."

"Sasa ulisimama?"

Mdogo wangu akatazama chini. Abiria walikuwa wanashusha mizigo yao, mtu anagombania kuku wake. "Nilisahau, tate," akasema. Tate akachukua begi lake, akatangulia mbele.

Siku chache baadaye mimi na mdogo wangu tulikuwa wawili jikoni tunapukuchua maharage. Nilikuwa nimechukia, siwezi kuficha. Nikamwambia, mtu unabwagwa ndivani utoto wako wote, unaambiwa neno moja tu, unalisahauje? Akaendelea na maharage yake. Kisha akasema taratibu, "Sikusahau, dada."

Akanieleza. Kule kwenye mwamba sheria ya kwanza ni kinyume cha yetu. Ukianguka, unaanguka umelala, unafunika kichwa kwa mikono, unajikunja, unangoja. Usitafute chini hata kidogo, kwa sababu chini ndiko kuliko na ncha na nyufa. Mwalimu wake alimwambia hayo mpaka akachoka, na yeye aliyashika akayafundisha na wengine. "Kichwa kilikuwa kinajua," akasema. "Lakini lile wimbi liliponibwaga nikasikia 'Ardhi!' Sauti ya tate kabisa. Miguu ikashuka yenyewe. Mmoja ukaingia kwenye ufa wa mwamba hadi gotini, maji yakaendelea kunisukuma, mguu ukabaki. La pili likanikuta bado nimesimama."

Nilisahau maharage. Nikamwambia ainuke sasa hivi, twende kwa tate, amweleze. Akakataa. Nikasema basi nitamweleza mimi. Hapo akanishika mkono, na hakuwahi kunishika vile tangu utotoni.

"Utamwambia nini? Kwamba neno alilolipata kwa kifo cha mdogo wake ndilo lililonivunja? Ana neno hilo moja tu, dada. Mwachie."

Akaniapisha, nikaapa. Nilidhani ni jambo la kupita. Nilidhani tate atakasirika msimu mmoja, kisha mapenzi ya baba yatafanya kazi yake.

Hayakufanya. Tate hakumtukana wala hakumnyima chakula. Aliacha tu kumtuma. Jambo lolote la maana, hata kama mdogo wangu ameketi hapo hapo, tate alimwita mtu mwingine. Kijijini ile methali ikapata mguu wa kuonyesha, wazazi wakawa wanaitumia kwa watoto wao, "Mnamwona yule?" Naye anawapungia mkono.

Kilichoniuma zaidi ni ndiva. Tate alipoanza kuchoka, wazee walimtaka ataje mtu wa kushika tundu. Mdogo wangu hakuweza tena kulima kwenye miteremko yetu. Lakini njia ya kwenda ndivani ni tambarare, kazi yenyewe ni ya subira na masikio, na maji aliyajua. Aliitaka kazi ile. Alikuwa ameanza kuamka alfajiri na kwenda kukaa ukingoni, anatazama tate anavyozibua, akitumaini ataambiwa, "Haya, shika." Siku ya kikao tate alimtaja binamu yetu, mtoto wa shangazi, mtu mwema ambaye hajui kutofautisha zamu ya Jumatatu na ya Jumanne. Wazee wakashangaa kidogo. Tate akasema, "Maji hayakabidhiwi mtu asiyesikia."

Niliwaletea chai. Mdogo wangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alinitazama na kutikisa kichwa kidogo sana. Nikaweka vikombe, nikatoka. Bwawa zima la maneno lilikuwa kifuani mwangu, na mwenye kuzibua ni yeye, naye hakutaka.

Tate alipougua ugonjwa wake wa mwisho, aliyemlisha uji ni mdogo wangu, maana kazi ya kukaa kitako ndiyo iliyomfaa. Asubuhi moja, mimi nikiwa hapo nakunja nguo, tate alisukuma kijiko kando akasema, "Mwanangu, lile la kutonisikia, nimekusamehe. Sitaki kwenda nalo."

"Asante, tate," mdogo wangu akasema, akampangusa midomo.

Tulimzika wiki hiyo. Waliokuja kuhani walisema baba yetu amekufa vizuri, ameondoka hana kinyongo na mtu. Ni kweli. Lakini mimi najuta, na nitajuta mpaka nami nikunjiwe mikono. Najuta kiapo kile cha jikoni. Mdogo wangu anasema tulimwepusha mzee na mzigo ambao ungemuua kabla ya siku zake, na huenda ni kweli. Ila alikufa akidhani ana mtoto asiyesikia, wakati alikuwa na mtoto aliyemsikia mpaka chini ya bahari ya watu wengine. Hilo nalo ni mzigo, na alitembea nao miaka yote ile. Nani alituambia kwamba huo ni mwepesi? Sasa mdogo wangu ameniruhusu kuandika, mradi nisitaje jina la mtu.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokwisha, binti yangu wa mwisho alitufuata ndivani asubuhi. Binamu yetu alikuwa anazibua tundu, mdogo wangu amesimama ukingoni na gongo lake, mimi natafuta majani ya mbuzi. Nikasikia mtu ameteleza. Nilipogeuka nikaona kanga inaelea na mikono midogo inapiga maji. Binamu akaanza kukimbia huku na huku akitafuta mti mrefu. Mimi nikatupa majani.

"Ardhi! Tafuta ardhi!"

Kwa dakika moja niliamini tate amerudi. Ilikuwa sauti yake, na ule ukali wake. Mikono ya mtoto ikaacha kupiga, kichwa kikazama kidogo, kisha akainuka amesimama wima, maji kifuani, anakohoa na kulia kwa hasira.

Binamu akaketi chini akicheka, hofu imemtoka. Akampiga mdogo wangu bega kwa upendo kabisa, akasema, "Mgoshi, laiti ungeyakumbuka hayo kule baharini!"

Mdogo wangu akanitazama. Nilikuwa tayari kusema, na safari hii asingenizuia. Lakini yeye akatangulia.

"Laiti," akasema.

Kisha akamgeukia binti yangu, aliyekuwa bado katikati ya ndiva anatetemeka, akamwambia neno ambalo yeye mwenyewe alilingoja mpaka tate akazikwa.

"Umesikia vizuri, mwanangu. Toka sasa."