Masaa Manane Kutoka London

Wacha niseme wazi: mvua ile sijaisamehe hadi leo.

Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, alikuwa London akisoma. Baba alipozidiwa, huku kwetu Kanyangi, tulimpigia kwa simu ya shule. Akasema, "Mwambieni aningoje. Kutoka hapa hadi Nairobi ni masaa manane tu kwa ndege. Kesho niko nyumbani." Masaa manane! Mimi nilidhani London iko mwisho wa dunia, kumbe mtu analala huko na kuamkia Nairobi. Sisi kwenda Mombasa tulimaliza siku nzima, na gari likiharibika tunalala Mtito Andei.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini jambo moja la Kikamba hakuliacha. Alitaka kumtemea mwanawe wa kwanza mate kidogo kifuani, yale ya baraka, kabla hajafa. Bila hayo, alisema, mtoto ataishi kama mtu asiye na kwao. Kwa hivyo alikuwa hali wala hanywi, anangoja hiyo ndege tu. Ukimgusa anauliza, "Ameshuka?"

Alishuka, ndiyo. Asubuhi alikuwa Nairobi, akapata gari la kumleta hadi karibu na kwetu. Lakini mchana ule mvua ikaja. Mvua tuliyoiomba kanisani miezi na miezi, tumepiga magoti, na mimi nikilia kwa sauti kuwashinda wote! Mto wetu, ulio kati ya barabara na nyumbani, huwa mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, na daraja hakuna, maana lingekuwa la kazi gani? Siku hiyo ulijaa maji mekundu yanayong'oa miti.

Vijana walikuja mbio: "Amefika! Yuko ng'ambo!"

Mama akasema baba abebwe. Tukambeba na kitanda chake hadi ukingoni. Kaka tulimwona, suti imelowa, anaita na hatumsikii. Alijaribu kuingia majini, wanaume wa upande ule wakamkamata. Ametoka London yote hiyo, na hapa, mahali mtoto angerusha jiwe likafika, hapiti! Ngai, Mungu wangu, niliutukana mto ule matusi ambayo mama hakujua ninayajua.

Baba akaomba ainuliwe. Akakusanya mate. Mdomo ulikuwa umekauka, ilimchukua muda. Akatema kuelekea majini, akanyoosha mkono. Nikamfanyia kaka ishara, nikijipiga kifua. Akaelewa, akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Baraka imemfika?" baba akauliza. Macho yake hayakuwa yakiona mbali tena.

"Imemfika, baba."

Akalegea mikononi mwa mama. Hakuvuta pumzi nyingine.

Ng'ambo, kaka yangu alikuwa amesimama kifua wazi kwenye mvua, bado anangoja.