Sisimizi wa Barnabé

Barnabé, fundi cherehani wa mtaa wa Kyebando aliyetoka Bukavu, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari hiyo ilipimwa bila kutolewa hata tone la damu. Zamani Nafuna, muuguzi wake, alichemsha mkojo kwa dawa ya bluu na kutazama rangi. Dawa hiyo ilipoadimika, kama kila kitu mjini miaka ile ya utawala wa jeshi, alimwambia Emérence, mke wa Barnabé, awe anaangalia sisimizi.

Basi kila alfajiri Barnabé alikojoa mahali pamoja, chini ya mgomba nyuma ya jiko, na jua likichomoza Emérence akaenda kuchungulia. Sisimizi wakijaa, mumewe alishinda na mboga tupu. Wasipoonekana, Emérence aliimba akipika.

"Batu banapanga foleni juu ya sukari, mama," Barnabé alimtania, "na miye niko naimwanga chini."

Jumamosi moja wanaume wanne wenye miwani myeusi walimchukua kazini, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Walisema ni maswali mawili tu. Maswali gani hayo yasiyoweza kuulizwa mtu akiwa ameketi kwenye cherehani yake? Dawa yake ya sindano ilibaki nyumbani, ndani ya mtungi, ilimowekwa ipate baridi. Nafuna alikuwa amewaonya kwamba bila dawa ile hamalizi wiki.

Jumapili Emérence aliifunga chupa ya dawa kwa kitambaa kibichi, akaenda nayo hadi lango la kambi ya askari walikompeleka.

"Mama, hapa hakuna mutu ya jina hiyo," askari wa zamu alimwambia.

"Afande, ni dawa tu. Asipochomwa atakufa."

"Nimesema hakuna. Wewe nataka kuingia pia?"

Jumatatu alijibiwa vivyo hivyo. Jumanne hakujibiwa, alionyeshwa mtutu.

Kila asubuhi kabla ya kutoka alipita kwanza mgombani. Udongo ulikuwa bado na utamu wake, na sisimizi waliendelea kuja. Alijua ni upuuzi kujipa moyo kwa wadudu, lakini nani mwingine alimletea habari za mumewe? Jumanne jioni mvua kubwa ikanyesha. Jumatano hakukuwa na sisimizi hata mmoja.

Kwa miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa habari njema ya nyumba ile. Emérence aliketi kwenye tope akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Jirani yake Rukiah akaja na kikombe cha chai, na kijiko kimoja cha sukari ndani ya karatasi, sukari aliyoipigania foleni siku mbili.

"Munnange, mwenzangu, kunywa kidogo," alisema.

Emérence aliifungua karatasi, akainyunyiza sukari yote chini ya mgomba. Rukiah hakumlaumu. Alikunja gauni lake refu la busuti, akaketi naye kwenye tope, wakangoja mpaka sisimizi walipoanza kuja.