Mtungi wa Korongo na Juisi ya Zabibu

Mimi nikipewa nafasi ya kueleza mtungi, sijui kunyamaza. Nilikaa Korea miaka miwili nikijifunza ufinyanzi, na tangu nirudi kufundisha Migori nimewachosha watu wengi, mke wangu akiwa wa kwanza. Mtungi wenyewe niliufinyanga huko kwa mikono yangu, nikiiga ile ya kale ya enzi za wafalme wa Goryeo: mabega mapana, shingo fupi, kijani kinachokaribia buluu, na korongo weupe kati ya mawingu. Nikampa mama mkwe wangu, anayeishi karibu na Kendu Bay, nikamtumia na maana yake kupitia kwa mke wangu: korongo wale ni maisha marefu.

Mama aliupenda kupita nilivyotarajia. Yeye ni shemasi katika kanisa la Wasabato, na tangu mke wangu akiwa mtoto kazi yake ni kuchemsha zabibu kavu, kuzichuja na kupeleka juisi kanisani siku ya Meza ya Bwana. Pombe kwao haionjwi, kwa hivyo juisi ile haifai kuchacha hata kidogo, na hupewa mtu anayeaminiwa. Akawa anaibeba ndani ya mtungi wangu.

Sabato moja mwaka huu, baada ya ibada, mchungaji na wazee wa kanisa walikuja kula kwake. Mchungaji ni Mkuria, basi mezani tuliongea Kiswahili. Mama hakuketi nasi. Kwetu Wajaluo mtu hali meza moja na mama mkwe wake, wala mimi siwezi kutia mguu jikoni mwake. Alikuwa huko, mlango wazi, akisikia kila neno.

"Hii kitu ni maridadi," mchungaji akasema, akiutazama mtungi juu ya kabati. "Hawa ndege wanamaanisha nini?"

Nikapanda mimbari. Nikaeleza jinsi mfinyanzi anavyomchonga korongo kwenye udongo mbichi na kuujaza mchongo kwa udongo mweupe. Nikaonyesha kwamba korongo waliochorwa ndani ya miduara hupaa, na walio nje yake hushuka. Rangi ile, nikasema, ni ya anga mvua ikishapita, na wakubwa wa huko walizikwa na vyombo vya namna hiyo. Wazee wakaacha kutafuna. Nilinogewa sana.

"Na walikuwa wanaweka nini ndani?" mchungaji akauliza.

"Pombe," nikasema. "Pombe ya wafalme!"

Mzee mmoja akaweka kijiko chini. "Na hii ndiyo tumekuwa tukibebea Meza ya Bwana?" Jikoni vikombe vilivyokuwa vikigongana vikanyamaza. Mzee akasema jambo hilo litafika kwa baraza la kanisa, na kwamba kwa sasa juisi ishughulikiwe na mtu mwingine.

Niliona aibu. Nilichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa, maana nilijua na kweli nyingine. Mitungi ya umbo hilo hilo imeopolewa kwenye merikebu zilizozama, ikiwa na vibao vya mti vilivyoandikwa asali na mafuta ya ufuta. Nilichagua pombe kwa sababu ingewashtua. Nilitaka wanione msomi.

Nilitamani kumwendea Mama nimwombe msamaha, lakini jikoni siingii. Nikamnong'oneza mke wangu aende yeye. Akanikazia macho.

"Uliongea watu wote wakisikia. Ongea tena vivyo hivyo."

Nikasimama. Nikasema habari ya asali na mafuta ya ufuta, nikasema mtungi huu ni kazi ya mikono yangu na haujawahi kuguswa na pombe. Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Mzee yule akauliza kama ni kweli, ama namtetea tu mama mkwe.

Mama akaja hadi mlangoni. Hakunitazama usoni.

"Orwa," akasema, hivyo ndivyo Wajaluo tunavyomwita mkwe wetu. "Hiyo asali ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mbona hukuanza na asali?"

Nikaenda kabatini nikaushusha mtungi. Nilirudi nao Migori, nimeupakata mapajani. Zabibu sasa anachemsha mtu mwingine.