Kiwiliwili cha Nyasi

Laiti ningesema hapana asubuhi ile rafiki yangu aliponiletea paka aliyekufa ndani ya gunia la viazi. Nilisema, "Niachie."

Rafiki huyo alikuwa muuza viazi katika soko la Gakoromone. Viazi vilitoka shambani kwake Kibirichia, na kwa miaka mingi mkewe ndiye aliyeketi nyuma ya magunia, paka huyo mapajani. Mke akafariki. Mwaka uliofuata, paka naye akafa kwa uzee. Mimi pia nilikuwa nimefiwa na mke, nimestaafu, na siku zangu nilizimaliza kwa kazi niliyofundishwa na mwalimu wa sayansi nikiwa kidato cha tatu: kujaza ngozi za wanyama wadogo ili waonekane kama wako hai. Nilikuwa nimejaza majogoo na sungura tu. Lakini yeye aliwasifu majogoo wangu mbele za watu sokoni, nami nikavimba kichwa.

Aliniomba mambo mawili. La kwanza, paka alale jinsi alivyokuwa akilala juu ya gunia. "Na usimpe tumbo kama lako, mzee," akasema. La pili, nikishatoa ngozi nimrudishie mwili, akauzike nyumbani kwake na kupanda mche wa avokado juu yake. Hilo la pili hakulifanyia mzaha.

Anayejaza mnyama hutengeneza kiwiliwili kipya kwa kufuata kile cha kweli. Nilimchuna, nikaulaza mwili juu ya karatasi ya mfuko wa simiti, nikauzungushia penseli kuchora umbo lake, nikapima shingo, kifua na kiuno kwa uzi wenye mafundo. Kisha nikafanya kama nilivyofanya kwa kila sungura: nikautupa mwili katika choo cha shimo. Nilinawa mikono. Nilikuwa nimeshaanza kupinda waya wa uti wa mgongo ndipo nikakumbuka.

Sikwenda kumwambia. Niliendelea na kazi. Nilifunga nyasi kavu juu ya waya, nikazikaza kwa kamba ya katani, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka zikatokea mbavu na nyonga. Kiwiliwili kikawa kinene mno, ngozi haikukutana tumboni. Nikatengeneza cha pili, chembamba, kikaingia kama mguu kwenye soksi.

Kile kinene kikabaki mezani. Nikakitia mawe mawili ili kiwe na uzito, nikakizungushia kitambaa cheupe, nikakishona.

Alipokuja, alimtazama paka wake kwa muda mrefu, akamgusa sikio. Furushi alilibeba kwa mikono miwili. Nilimsindikiza mpaka kwake, nikachimba mimi mwenyewe kwa sababu mgongo ulimsumbua. Aliomba sala fupi, akamtaja na mkewe. Nami nikasema amina.

Mvua zilikuja zikaisha, mche tulioupanda juu yake ukakauka. Akachimba ili apande mwingine.

Siku hiyo alikuja kwangu na paka kwapani, na mkononi waya wenye kutu uliokuwa bado umezongwa na kamba yangu. Hakuketi. Nilimweleza habari ya choo, mazoea na aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia, ningecheka," akasema. "Sasa umenifanya nikaombea nyasi."

Alimweka paka mezani, akaondoka.

Nimekwenda Gakoromone mara tatu tangu hapo. Huniuzia viazi, hunisalimu kama anavyomsalimu mteja yeyote, na hanipi nyongeza. Mara ya tatu niliomba msamaha mbele ya wateja. Akasema ameshanisamehe, akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu na kumuuliza anataka kiasi gani.

Mwanangu yuko Embu, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine, saa kumi ikifika, napika chai kwenye sufuria ile ile tuliyokuwa tukiimaliza mimi na muuza viazi, na inabaki. Paka amelala mezani. Mbavu zimekaa sawasawa, na mgongo umepinda kama wa paka aliyeshiba. Sijawahi kutengeneza kiwiliwili kizuri kuliko hicho.

Kukubali kazi ile, kisha kuficha kosa langu, kulinipotezea rafiki niliyekuwa naye kwa miaka thelathini. Sina mwingine.